Augustino wa Hippo na Dhambi ya Mtoto Mchanga

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikikaa nyumba ya kupanga Mombasa, jirani yangu mmoja, Mkristo mtu wa bara, alifiwa na mtoto wa siku mbili. Nilikwenda kumpa mkono wa tanzia kama ada ya ujirani ilivyo. Nilimkuta amekaa peke yake uani, na baada ya kunyamaza kitambo akanieleza lililokuwa likimla moyo. Halikuwa kifo peke yake. Mtoto alikufa kabla ya kubatizwa, na mtu mzima mmoja katika jamaa zake alimwambia kwamba roho ile haikuwa na njia ya kufika peponi. Mimi, kwa yale niliyofunzwa chuoni tangu utotoni, nilimwambia kuwa kwetu mtoto wa siku mbili hana hata chembe ya dhambi, na wazazi wake wakisubiri huwa ni akiba yao kesho akhera. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza swali lililonishinda: ikiwa ni hivyo, hofu hii aliyotiwa ilitoka wapi, na ni nani aliyeianza?

Siku ile sikuwa na jibu. Nililitafuta baadaye kwa kuuliza na kusoma, nikidhani kuwa nitapelekwa Ulaya. Kumbe nilirudishwa papa hapa Afrika. Mtu aliyeyajenga mafundisho ya dhambi ya asili yakawa na msingi, kuta na paa, ni Mwafrika wa kaskazini, Augustino, askofu wa mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba, bandari ya Algeria. Ni kweli kwamba Paulo, mtume wa Wakristo, alikwisha kumtaja Adamu katika barua yake kwa Warumi, na wako wengine kabla ya Augustino walioligusia jambo hili. Lakini ni yeye aliyelishika, akalitetea kwa kalamu hadi siku ya kufa kwake, na Wakristo wa magharibi wakalipokea kutoka mkononi mwake.

Nataka leo, msomaji, nikusimulie maisha ya mtu huyu. Mafundisho yale hayakutoka vitabuni tu, bali yalitoka katika maisha ya mtu aliyejichungua nafsi yake bila huruma. Nasi Waislamu wa pwani tunaoishi mlango kwa mlango na Wakristo, hata tusipoyakubali maneno yao, ni vyema tujue wanaamini nini na kwa sababu gani.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354, zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Mji wake ulikuwa Thagaste, mji mdogo wa milimani ambao leo unaitwa Souk Ahras, karibu na mpaka wa Tunisia. Nchi yote ile ilikuwa chini ya dola la Rumi. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba dogo na kiti katika baraza la mji, lakini mali yake haikuwa kubwa. Aliabudu miungu ya kale ya Warumi, akabatizwa alipokaribia kufa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kufunga na kusali, na machozi yake juu ya mwanawe huyu yamekuwa mfano kwa Wakristo mpaka leo.

Nyumbani walisema Kilatini, lakini watu wa mashamba wa sehemu zile walikuwa wakisema lugha ya Kipuniki, iliyoletwa na Wafoinike wa kale, nayo ni ndugu ya Kiebrania na Kiarabu. Augustino ameandika kwamba siku moja mkubwa wake alisikia wakulima wakiitaja hesabu ya tatu kwa neno ambalo masikioni mwa Mlatini lilisikika kama neno la wokovu, salus. Sisi tusemao thelatha hatutalistaajabia neno lile, kwani mzizi ni mmoja.

Alipelekwa chuoni akapigwa bakora, na katika utoto wake alimwomba Mungu sana kwamba asipigwe, wakubwa wakamcheka. Kilatini alikipenda, Kiyunani kilimchukiza. Baadaye alipelekwa mji wa Madauros kuendelea na masomo, lakini alipotimu miaka 16 fedha za baba zilipungua, akarudi kukaa bure nyumbani mwaka mzima. Kijana mwenye akili nyingi na kazi hana, msomaji, wajua mwenyewe mambo yake.

Katika mwaka ule lilitokea jambo dogo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Karibu na shamba lao palikuwa na mti wa mapeasi, tunda la nchi za baridi lenye shingo nyembamba. Usiku mmoja yeye na wenziwe wakaenda wakautikisa mti ule, wakachukua mzigo mkubwa wa matunda, wakaonja machache na mengine wakawatupia nguruwe. Alipokuwa mtu mzima na askofu wa kuheshimiwa, aliliandika kosa lile kwa urefu wa kurasa nyingi, na wako waliomcheka kwa ajili hiyo. Wasema, mtu aliyekuwa na makosa makubwa kuliko hayo, mbona alie kwa ajili ya matunda?

Mimi sikumcheka, kwani nilipokuwa mtoto nami niliiba embe za jirani, hali kwetu uani embe zilikuwa zikioza chini. Swali la Augustino ni zito. Hakuwa na njaa. Kwao yalikuwako mapeasi bora kuliko yale. Wala hakuyala. Basi aliiba kwa nini? Akajijibu kwamba alichokipenda si tunda bali ni kule kukatazwa kwenyewe, na kwamba lau angekuwa peke yake asingeiba, bali aliona haya mbele ya wenziwe kutokuwa mbaya kama wao. Mtu huweza kuyapenda maovu bila ya faida yoyote. Hapa ndipo penye mbegu ya mafundisho yake yote.

Tajiri mmoja wa mji wao, aitwaye Romanianus, alimsaidia kwa fedha, akaenda Carthage, mji mkubwa wa bandari karibu na palipo Tunis leo, kusomea balagha. Ilikuwa karibu na mwaka 371. Baba yake akafa wakati huo. Kijana akamweka mwanamke kinyumba, wakakaa pamoja miaka mingi bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume wakamwita Adeodatus, yaani aliyetolewa na Mungu. Sisi tungemwita Hibatullahi. Jina la mwanamke yule Augustino hakulitaja popote katika vitabu vyake vyote.

Katika mwaka wake wa 19 alisoma kitabu cha Cicero, msemaji mkuu wa Warumi, chenye kusifu elimu ya hekima, moyo wake ukawaka. Alifungua vitabu vitakatifu vya Wakristo akaviona lugha yake duni. Ndipo alipojiunga na wafuasi wa Mani, mtu aliyezaliwa nchi ya Iraki mwaka 216 na kudai utume. Hawa walifundisha kuwa kuna asili mbili tangu milele, nuru na giza, na kwamba mtu amechanganywa na zote mbili. Wanachuoni wa Kiislamu wa baadaye waliwajua watu hawa wakawaita mazindiki, na neno letu la Kiswahili mzandiki limetoka huko huko.

Kwa nini kijana mwenye akili akae kwao karibu na miaka tisa? Yeye mwenyewe ametueleza. Dini ile ilimpa udhuru. Akitenda ovu, si yeye aliyelitenda, bali ni ile asili ya giza iliyomo ndani yake. Nani asiyeupenda udhuru kama huo? Lakini alikuwa na maswali, hasa juu ya nyota na hesabu zake. Wenziwe wakamwambia angoje aje mkubwa wao Faustus. Faustus alipokuja akamwona ni mtu mpole, msemaji mtamu, asiye na elimu ya kutosha. Imani ya Augustino katika dini ile ikapoa.

Mwaka 383 aliamua kuvuka bahari kwenda Rumi. Mama yake alimfuata hadi pwani akimsihi asiende au amchukue. Augustino akamdanganya kuwa anamsindikiza rafiki tu, na usiku, mama akiwa katika kuomba dua, jahazi ikatweka. Rumi alikuta wanafunzi wenye tabia ya kumhama mwalimu siku ya kulipa ada inapokaribia. Mwaka uliofuata akapata kazi kubwa ya kufundisha balagha mjini Milan, alipokaa mfalme wa dola wakati ule. Mvulana wa Thagaste sasa alikuwa akitunga hotuba za kumsifu mfalme, na mwenyewe alijua kuwa zimejaa uongo.

Pale Milan alimsikia askofu Ambrose akihutubu. Mwanzo alikwenda kusikiliza ufasaha tu, lakini maana ikaingia pamoja na maneno. Akasoma pia vitabu vya wafuasi wa Plato, akafunguka juu ya jambo lililomsumbua siku nyingi: uovu si kitu chenye asili yake, kama giza lisivyokuwa kitu bali ni kukosekana kwa nuru. Kila alichokiumba Mungu ni chema. Uovu ni utashi wa kiumbe unapompa mgongo Muumba wake. Kwa hivyo udhuru wa Mani ukaanguka. Aliyeiba mapeasi ni Augustino mwenyewe.

Kujua ni mbali na kuweza, hata hivyo. Mama yake, aliyekwisha kumfuata Milan, alimtafutia mchumba wa nyumba nzuri, mtoto wa kike ambaye ilibidi angojewe miaka miwili kufikia umri wa kuolewa. Mwanamke aliyekaa naye miaka yote ile akarudishwa Afrika, akamwacha mwanawe kwa baba, akaapa kutomjua mwanamume mwingine. Augustino alisema moyo wake ulichanika ukatoka damu. Na bado, msomaji, hakuweza kungoja miaka miwili, akachukua mwanamke mwingine. Mimi naona kuwa hili ndilo kosa lake kubwa kuliko mapeasi, na mwanamke yule ana haki juu yake ambayo vitabu vyote havikuilipa.

Hapo ndipo alipotambua kitu alichokiita mnyororo. Utashi ulioharibika huzaa tamaa, tamaa ikitumikiwa huwa mazoea, na mazoea yasipozuiwa huwa hayana budi. Alikuwa akimwomba Mungu usafi wa mwili huku akitaraji kuwa dua haitajibiwa upesi. Mkono wake ukitaka kuinuka huinuka mara moja, lakini roho yake ikijiamuru yenyewe, haijitii. Vipi nafsi iamuru na nafsi hiyo hiyo ikatae?

Mwezi wa Agosti mwaka 386 alikuwa bustanini na rafiki yake Alypius, mwenyeji wa Thagaste kama yeye, akilia kwa dhiki hii. Akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya pili ikikariri kama wimbo wa kumtaka mtu achukue asome. Akachukua barua za Paulo, akafungua, macho yake yakaangukia maneno ya kuwaonya watu waache ulevi na uasherati. Hakuendelea kusoma. Akaacha kazi, akaacha uchumba, na usiku wa Pasaka mwaka 387 akabatizwa na Ambrose, yeye, mwanawe na Alypius. Miezi michache baadaye, katika bandari ya Ostia wakingoja kurudi Afrika, Monika akafa akiwa na miaka 55. Mwaka 388 Augustino akarejea Thagaste, akakaa na wenziwe maisha ya ibada. Adeodatus, kijana wa akili ya kutisha kwa maneno ya baba yake, alikufa akiwa na miaka kama 17. Katika miaka michache alikuwa amewazika mama na mwana.

Mwaka 391 alikwenda Hippo kwa shughuli. Siku zile watu wa miji walikuwa na desturi ya kumkamata mtu mwema kanisani na kumtawaza kwa nguvu. Wakamkamata, akawa padri huku akilia. Mwaka 395 au 396 akawa askofu, na akabaki Hippo hadi mwisho wa maisha yake. Akahukumu kesi za mashamba na mirathi kutwa nzima, akahutubu, na usiku akawasomea waandishi wake maneno ya kuandikwa. Mwenyewe alipopitia vitabu vyake uzeeni alihesabu 93. Kati ya hivyo, kitabu cha Maungamo, alichokianza karibu na mwaka 397, kimeandikwa chote kama dua, akimwambia Mungu habari za maisha yake.

Ndani ya Maungamo amesimulia kwamba alimwona mtoto mchanga, asiyejua hata kusema, akibadilika rangi kwa wivu akimtazama mwenziwe wa ziwa moja akinyonya. Aliyelea pacha atasadiki. Augustino akahitimisha kuwa usafi wa watoto ni unyonge wa viungo vyao tu, wala si usafi wa nyoyo zao. Ni hitimisho zito, na baadaye lilimletea vita.

Tarehe 24 Agosti mwaka 410 jeshi la Alaric liliingia Rumi na kuipora. Wakimbizi wakamiminika Afrika, na miongoni mwao alikuwa Pelagius, mchaji wa kujinyima aliyetoka kisiwa cha Uingereza, aliyewafundisha watu wakubwa wa Rumi maisha ya taqwa. Alikuwa amesikia katika Maungamo dua ya kumwomba Mungu atoe kwanza kile anachokiamuru, akakasirika. Kwake yeye Mungu ni mwadilifu, hawezi kumwamuru mja asiloliweza. Adamu alijidhuru mwenyewe, hakuwadhuru wanawe ila kwa mfano mbaya. Mtoto huzaliwa kama Adamu alivyokuwa kabla ya kukosa. Mtu akitaka, aweza kuishi bila dhambi.

Augustino akasimama kumpinga. Alisema kwamba Adamu aliumbwa huru, akaweza kutotenda dhambi, akachagua kuasi. Wanadamu wote walikuwa katika mgongo wake, na wote wakaanguka naye. Wakarithi vitu viwili: ugonjwa wa tamaa usiotii akili, na hatia yenyewe. Hatia hiyo hupita kwa njia ya kuzaliwa, hivyo hata mtoto wa siku mbili anayo, nayo haiondoki ila kwa ubatizo. Wala mtu hawezi kutaka wema mpaka neema ya Mungu imtangulie, na Mungu humpa neema amtakaye, si kwa ustahiki wa mja. Baraza la maaskofu wa Afrika lililokutana Carthage mwaka 418 likaikubali njia hii, na mafundisho ya Pelagius yakakataliwa.

Lazima niseme hapa neno moja la tafsiri, kwani sisi watu wa chuo twajua uzito wake. Kiyunani hakumwelea vizuri, akategemea Kilatini. Katika barua ya Paulo kwa Warumi, Kiyunani chasema kifo kiliwafikia watu wote kwa kuwa wote walitenda dhambi. Kilatini alichokisoma Augustino kilifahamika kuwa wote walitenda dhambi ndani ya yule mtu mmoja. Tofauti ni maneno mawili madogo, na juu yake iliwekwa sehemu ya jengo kubwa. Wakristo wa mashariki waliosoma Kiyunani wanakubali kuwa tumerithi kifo na udhaifu wa Adamu, lakini hawasemi kuwa tumerithi hatia yake.

Mpinzani wake mkali alikuwa Julian wa Eclanum, askofu kijana wa Italia aliyevuliwa cheo kwa kukataa maamuzi yale. Huyu alimwambia kuwa amerudi kwa Mani kwa mlango wa nyuma, na kwamba Mungu anayemwadhibu mtoto kwa kosa la mwingine si Mungu wa haki. Augustino alimjibu kwa kumwonyesha mateso ya watoto wachanga: maradhi, upofu, vifo. Ikiwa Mungu ni mwadilifu na watoto hawana hatia yoyote, mbona wanateseka? Hakuwa akishangilia. Mwaka 415 alimwandikia Jerome, mfasiri wa Biblia aliyekaa Bethlehemu, akamkiria kuwa jambo la watoto linamtia dhiki wala hajui ajibu nini. Alishikilia kuwa mtoto asiyebatizwa hawezi kuokoka, ila adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Hiyo ndiyo hofu iliyomfikia jirani yangu, baada ya miaka karibu 1600.

Kwetu mambo yako namna nyingine. Nabii Adamu (A.S.) alikosa pamoja na Hawaa, wakatubia, Mola wao akawapokea toba. Deni likafutwa pale pale. Hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine, na kila mtoto huzaliwa katika fitra. Watoto wafao wangali wachanga tumefunzwa kuwa wako katika ulezi wa Nabii Ibrahimu (A.S.). Mateso yao ni mtihani kwetu wala si hukumu juu yao.

Lakini tusije tukamchukulia Augustino kuwa ni mtu wa mbali nasi kabisa. Sisi pia twafunzwa kuwa ndani ya mtu mna nafsi yenye kuamrisha maovu, na kwamba kupambana nayo ni jihadi. Imam Ghazali, mwalimu mkuu wa Baghdad, mwaka 1095 alikwama ulimi asiweze kufundisha kwa kuwa alijua haki na nafsi haikumwachia aifuate. Akaacha kiti chake, akaenda zake, na baadaye akaandika habari za moyo wake. Mwalimu wa Milan na mwalimu wa Baghdad wangeelewana upesi. Hata ugomvi wa kadari, kati ya waliosema mja ana uwezo wake mwenyewe na waliosema hana hiari yoyote, wanachuoni wetu waliupitia. Ugonjwa wa nafsi tunakubaliana nao sote. Tunapoachana ni kwenye deni: wao husema mtoto huja duniani nalo, sisi twasema huja na daftari jeupe, na mwenye kuliandika ni yeye mwenyewe akishabaleghe.

Matendo ya Augustino yalikuwa na pande mbili. Kanisa la Afrika lilikuwa limegawanyika tangu karibu na mwaka 312, na wale wa upande wa pili waliitwa Wadonato. Mwanzo Augustino alitaka wavutwe kwa hoja. Baadaye, alipoona sheria za mfalme zimewarudisha wengi, akakubali watu walazimishwe, na baada ya mjadala mkubwa wa Carthage mwaka 411 makanisa yao yakachukuliwa. Amwonaye mwanadamu kuwa mgonjwa hushawishika upesi kuishika fimbo ya tabibu. Hoja zake zilitumiwa karne nyingi baadaye na watesaji waliomzidi kwa ukali.

Upande wa pili ni huu. Barua zake kadhaa zilizokuwa zimepotea zilichapishwa mwaka 1981, na moja yaeleza wafanyabiashara wa utumwa walivyokuwa wakiwateka watu wa mashamba na kuwapakia majahazini bandarini Hippo. Waumini wake wakaingia melini na nyumba ya kufungia watu, wakawatoa watu kama 120. Alifundisha kuwa utumwa haukutokana na maumbile bali ni tunda la dhambi, ingawa hakufika kutaka uondolewe kabisa. Sisi wa pwani twajua maana ya majahazi kama yale.

Mwaka 429 Wavandali, chini ya mfalme wao Gaiseric, walivuka kutoka Hispania, wakaila nchi mpaka mwaka 430 wakauzingira mji wa Hippo. Mwezi wa tatu wa mazingiwa yale Augustino alishikwa na homa. Akaamuru Zaburi za toba za Nabii Daudi (A.S.) ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake. Akataka asiingiliwe na mtu ila tabibu na aletaye chakula, akakaa siku kama kumi akisoma na kulia. Alikufa tarehe 28 Agosti mwaka 430, umri wake miaka 75. Wasia hakuacha, kwani hakuwa na mali ya kuusia. Maktaba yake ikanusurika.

Alipokufa hakuwa amekwisha. Martin Luther alikuwa mtawa wa shirika lenye jina lake, na Papa Leo wa 14, aliyechaguliwa Mei 2025, ametoka katika shirika hilo hilo. Mombasa nayo inalijua: watawa wa Kiaugustino walijenga nyumba yao hapa mwaka 1597 chini ya Wareno. Na ni watawa hao waliomlea kule Goa mwana wa mfalme wetu, Yusuf bin Hassan, wakambatiza Jerónimo. Mwaka 1631 aliinuka akaiteka Ngome ya Yesu na kurudi katika Uislamu, na watawa wa hapa wakauawa. Algeria, nchi ya Kiislamu, mwaka 2001 ilifanya mkutano wa wanachuoni juu yake mjini Algiers na Annaba, kwa kuwa ni mtoto wa udongo wao.

Na ile hofu je? Wanachuoni wa Kikatoliki wa karne za kati waliipunguza makali, wakasema watoto wale hawapati adhabu ya maumivu. Mwaka 2007 tume ya wanachuoni wa Vatikani, kwa idhini ya Papa, ilitoa waraka kuwa ziko sababu za kutaraji kwamba watoto wafao bila ubatizo huokolewa na rehema ya Mungu. Maneno haya yangalikuwapo siku ile uani, nisingelikosa la kumjibu jirani yangu.

Alikwisha hama zamani na sijui aliko. Ningependa kumwambia kwamba aliyeianza hofu ile hakuwa mtu katili, bali ni Mwafrika aliyeuzika ujana wake, mama yake na mwanawe, na ambaye mbele ya mtoto mchanga kalamu yake yenyewe ilitetemeka. Ningemwambia pia kuwa mimi ningali juu ya imani yangu: mtoto wake hakuwa na dhambi. Mwenye dhambi ni mimi niliyeiba embe za jirani hali kwetu zikioza, na kwa hilo Augustino alinijua vizuri.

Jioni ile tulikwenda pamoja mazikoni. Sanduku lilikuwa dogo, likabebwa na mtu mmoja.